Shayiri ya Siku Tisa

Jumamosi, tarehe 1

Leo nimesugua jiko zima. Rafu zote, makopo yote, hadi nyuma ya jiko la gesi, ambako nimekuta kijiko kilichopotea kabla sijaolewa. Mama mkwe amesema mgeni anayefika Jumatatu hafikii kwenye nyumba yenye masizi. Mgeni mwenyewe ni Durga, mungu wa kike wa Wahindu, watu wa mume wangu. Atakaa siku tisa, ya kumi ataondoka, na kwa muda wote huo hapa hapapikwi nyama, hapapikwi vitunguu, na ni marufuku kugombana. Mume wangu ameniambia hilo la mwisho ndilo huwashinda.

Makopo niliyakuta yamechanganyika, marefu na mafupi, nikayapanga upya kwa kimo. Nilirudi nyuma nikayatazama kama mtu aliyemaliza ghorofa. Mama mkwe akaingia, akapitisha mkono juu ya rafu nzima, polepole, kama anayetafuta vumbi, akatoka. Hata ahsante hakuna.

Sikushangaa sana. Wiki iliyopita nilimpungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara, meno yote nje. Alinielekea usoni kabisa, kisha akaendelea na safari yake. Bwana Mbolea, tunayefanya naye kazi kwenye kitalu cha miche, akaniuliza nimemkosea nini yule mama. Nikamwambia namfananisha tu, simjui. Niliona aibu kusema ni mama wa mume wangu na naishi naye.

Miezi saba sasa. Sijui anataka nini kwangu.

Jumapili, tarehe 2

Shangazi wa mume wangu amekuja na bangili zake. Husikika tangu ngazini. Kumbe kulikuwa na kikao na mimi ndiye ajenda.

Mambo yako hivi. Kila mwaka, siku ya kwanza, Mama mkwe hupanda shayiri kwenye sinia la udongo mbele ya chungu cha Durga. Inamwagiliwa kila alfajiri na mkono uleule ulioipanda. Siku ya nane watu huja kuitazama. Ikiwa imesimama vizuri, nyumba itakuwa na mwaka mzuri. Ikidumaa, kila mtu anajifanya hajaona, kisha anakwenda kusimulia.

Mwaka huu Mama mkwe anasema magoti hayamruhusu kukaa chini.

"Kama magoti yamegoma, chungu kihamie kwangu," Shangazi akasema. "Nina wakwe wawili waliozaliwa ndani ya mambo haya. Na unajua kikishatoka nyumba moja hakirudi."

"Sijakosa mkwe," Mama mkwe akajibu.

Shangazi akanitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu, akasimama miguuni. Nilikuwa nimevaa kandambili za mume wangu.

"Huyu ameshaelewa hata maana yake?"

"Anapanda miche elfu kwa wiki. Sinia moja litamshinda?"

Nilikimbilia jikoni nikajifanya nachemsha maji. Ukweli nilikuwa natabasamu peke yangu kama punguani. Ni mara ya kwanza amenisemea.

Jumatatu, tarehe 3

Siku ya kwanza. Tumeamka kabla ya jua.

Chungu chenyewe ni kidogo, cha udongo, kimetobolewa matundu pande zote, na ndani yake inawekwa taa ya mafuta. Ukiwasha, ukuta mzima unajaa vitone vya mwanga. Mama mkwe alinieleza huku amekaa kitini, mgongo wima: chungu ni tumbo la mama, na taa ni uhai uliomo. Taa isizimike mpaka siku ya kumi. Nyuma yake imewekwa picha ya Durga, amepanda simba, mikono kumi, na kila mkono umeshika silaha. Uso wake lakini umetulia, wala hana hasira. Nimeutazama muda mrefu.

Sasa nisiandike tu yanayopendeza. Mama mkwe alikwenda jikoni mwenyewe kuleta mbegu. Alirudi na kopo, akamimina kwenye kitambaa cheupe, akafunga fundo, akanikabidhi. Nilipofungua fundo nikaona shayiri nyeupe, mviringo, laini.

Shayiri ya supu. Iliyokobolewa. Imevuliwa ganda na kusuguliwa mpaka kiini kimekwenda. Unaweza kuimwagilia mpaka mwakani, haitaota. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

"Mama, hizi mbegu..."

"Ni za kila mwaka. Kopo la pili kutoka dirishani. Panda, jua linachomoza."

Nikapanda. Siku moja tangu anisifu mbele ya Shangazi, mimi nianze kumwambia hajui shayiri? Nilijidanganya kwamba labda zao ni aina nyingine. Nimesambaza vizuri, nimefunika kwa udongo laini, nimenyunyiza maji. Kazi safi kabisa ya kupanda supu.

Jumanne, tarehe 4

Mvua tangu asubuhi. Udongo kwenye sinia umelala kimya.

Jioni Mama mkwe amenisimulia kisa cha Durga. Palikuwa na jitu lenye umbo la nyati. Liliomba dua kali mpaka likapewa ahadi kwamba halitauawa na mwanamume yeyote wala mungu yeyote wa kiume. Likapata kiburi, likawafukuza miungu kwenye makazi yao.

"Na wanawake?" nikauliza.

"Hilo hakuliomba. Liliona wanawake ni wa kuchezea." Akacheka kwa pua. "Basi miungu wakakusanya nguvu zao, humo akatokea Mwenyewe." Ndivyo anavyomwita Durga, Mwenyewe. "Huyu akampa mkuki, yule upinde, mwingine simba wa kupanda. Wakapigana siku tisa. Ya kumi jitu likalala chini."

"Kwa hiyo walimpa silaha, kazi akafanya yeye."

"Umeelewa dini yote," akasema, na nadhani alinitania. Akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Anadai nyuzi za siku hizi hazina ncha.

Jumatano, tarehe 5

Hakuna kitu. Jirani wa chini amekuja kuabudu, akachungulia sinia, akasema, "Bado mapema." Halijawa jambo la kusemwa kwa huruma vile. Kazini nimechukua shayiri yenye ganda nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu. Bwana Mbolea kauliza ya nani. Nimemwambia ya mgonjwa.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango wangu wa leo umeharibika, ila si kwa ubaya.

Nilipanga hivi. Mama mkwe huoga saa sita mchana. Nitoke kazini mapema, nifukue udongo wa juu, niondoe zile za supu, niweke za kwangu ambazo vimizizi vimeanza kuchungulia, nifunike, ninawe. Ifikapo kesho kutwa majani yatoke, na hakuna atakayejua. Nilizibeba kwenye kopo la chakula cha mchana.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya Durga, viganja vimejaa udongo, kopo wazi kando, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akaingia, taulo begani. Dirisha lilikuwa wazi, mchana kweupe, hatua tatu tu kati yetu. Akanielekea usoni. Nikasema moyoni, leo yamenikuta.

"Nani yuko hapo?" akauliza.

Nilidhani ni kejeli. Nikavuta kopo nyuma ya goti langu.

"Nani?" Safari hii alishika fremu ya mlango, na sauti ilikuwa ya mtu aliyeogopa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sijui niliandikeje. Vitu vilikuja vyote kwa mpigo. Barabarani hakunidharau, hakuniona. Uzi hauna tatizo. Rafu hakuwa anakagua vumbi, alikuwa anatafuta makopo yake, mimi nimeyahamisha yote kwa sababu napenda mistari iliyonyooka. Kopo la pili kutoka dirishani. Nilimpofusha upya ndani ya jiko lake na nikasubiri ahsante.

Ningeweza kusema nafuta vumbi. Asingejua. Mpango wangu ungekamilika mbele ya macho yake.

"Ni mimi, Mama."

"Bibi Shamba." Hilo ndilo jina alilonipachika tangu niolewe. Akapumua. "Mbona uko nyumbani? Na mbona nasikia harufu ya udongo uliofukuliwa?"

Nikamwambia yote. Kopo, supu, kiini, kwamba niliona tangu Jumatatu nikanyamaza, na kwamba makopo niliyahamisha mimi. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza alikuja, mkono mbele kidogo, akagusa bega langu, akashuka akapiga magoti pembeni yangu bila kushika popote, mwepesi kama msichana.

"Mama, magoti?"

"Magoti yangu mazima kuliko yako. Ningesemaje? Magoti hayaonewi aibu."

Akatia vidole kwenye udongo, akaokota punje moja, akaitafuna.

"Supu," akasema, na akaanza kucheka. Mimi nikacheka. Tukacheka mbele ya Durga mpaka machozi, na ya kwake yakaendelea baada ya kicheko kuisha.

Ni mwaka wa pili sasa macho yanamzimika. Kwanza ukungu, kisha ukungu mzito, sasa mwanga na vivuli. Mama yake alikufa kipofu, kwa hiyo ameona zamu yake imefika, hakwenda hospitali wala hakumwambia mtu. Mwanawe angelia. Shangazi angebeba chungu siku hiyohiyo.

"Watu wetu wanakwenda kwa mungu kumwona," akaniambia. "Si kuomba tu. Unasimama mbele yake, unamwona, naye anakuona. Hayo ndiyo tunayofunga safari kuyafuata. Sasa mimi miaka miwili yeye ananiona, mimi simwoni. Nasujudu kwa kukumbuka. Nikubali na chungu kiondoke?"

Nilimshika mkono wenye udongo. Sikumbuki kuwahi kumshika kabla ya leo, isipokuwa siku ya harusi kwa ajili ya picha.

"Basi tupande," nikasema. "Ila siku ya nne, je, inaruhusiwa?"

Akafikiri. "Mgeni ametoka mbali vile. Hawezi kuondoka kwa sababu tumechelewa kuandaa."

Tukapanda wote wawili. Mimi namimina kwenye kiganja chake, yeye anasambaza. Vidole vyake havihitaji macho kwa kazi hii, amesambaza sawasawa kuliko mimi. Ameniapisha nisimwambie mtu, hata mumewe wangu... nimeandika nini hapo? Hata mume wangu. Nimechoka. Nimeapa.

Makopo nimeyarudisha yalivyokuwa. Alisimama nyuma yangu akaniambia moja baada ya jingine, na hakukosea hata moja.

Ijumaa, tarehe 7

Namwagilia mimi, anagusa yeye. Kazini nimepanda miche mia mbili bila kunung'unika. Bwana Mbolea kauliza mgonjwa wangu anaendeleaje.

Jumamosi, tarehe 8

Zimetoka! Ncha nyembamba, rangi ya siagi. Hukuzwa gizani chini ya kitambaa, ndiyo maana hazina kijani. Kitaluni mche wa namna hii ningeutoa mbio juani nikiomba msamaha. Mama mkwe anasema rangi hiyo ndiyo yenyewe, ya dhahabu. Alipitisha kiganja juu ya ncha, kwa wepesi, zikimtekenya. Akasema, "Ehee," taratibu sana, kama anayesalimiwa na mtu aliyemngoja.

Nilikwenda kuegemea friji jikoni nikashukuru, sijui nani hasa. Wote wanaohusika.

Jumapili, tarehe 9

Sebuleni kwetu wanawake wamecheza kwa duara, wakipiga makofi, chungu katikati. Mama mkwe alicheza nami mbele yake. Anafuata mlio wa makofi, na pale anapopotea naubana mkono wake kidogo. Watu wakasema mkwe na mama mkwe wamependana mwaka huu. Waache waseme. Mvua haikatiki.

Jumatatu, tarehe 10

Siku ya nane, ya wasichana. Katika siku hii kila msichana mdogo anahesabiwa kuwa Durga mwenyewe amekuja na miguu yake. Tuliwaalika wa jengo zima, bila kuuliza nani anaabudu wapi. Wakakaa mstari mmoja sebuleni, Mama mkwe akawaosha miguu kwenye beseni, akawapaka alama nyekundu kwenye paji la uso, akawainamia. Yule wa fundi viatu wa chini anatekenyeka. Alipiga kelele na kurusha maji mpaka kwenye pazia. "Mwenyewe leo ana furaha," Mama mkwe akasema, akauosha mguu tena polepole, ili acheke tena. Mimi niliwapa maziwa na matunda. Sijawahi kuona watoto wakila kwa adabu vile. Ukimwambia mtoto ni mungu anakaa vizuri.

Nilidhani siku itaishia hapo.

Shangazi alifika saa nne, na wanawake sita au saba nyuma yake. Wakasujudu. Kisha akafunua kitambaa cha sinia. Shayiri ilikuwa na urefu wa kidole changu kidogo. Siku ya nane hutakiwa ifike kiganja kizima.

Wanawake wakasogea, wakainama kuitazama.

"Imedumaa," Shangazi akasema. Hakupaza sauti, nadhani hata hakutaka. "Dada yangu, miaka thelathini sinia hili halijawahi kudumaa. Kitu gani kimebadilika? Mkono. Mimi sina ugomvi na huyu binti, ila mbegu haina upendeleo. Keshokutwa chungu kije kwangu kabla nyumba haijapata jambo."

Wale wanawake walinitazama mimi, kisha wakatazama chini. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Nilikuwa na shayiri, nilikuwa na supu, nilikuwa na kiini, nilikuwa na kila kitu cha kujitetea. Nikaviuma vyote. Nilikuwa nimeapa. Nikakamata sinia la matunda tupu kwa mikono miwili ili mikono iwe na kazi. Wasichana walikuwa bado wamekaa kwenye mstari wao, midomo ya maziwa, wanatutazama.

Mama mkwe alisimama.

"Wifi," akasema, "umevaa nguo ya rangi gani leo?"

Shangazi akashangaa. "Si unaiona?"

"Ndiyo nakuuliza. Rangi gani?"

"Acha mchezo mbele ya watoto."

"Hapana mchezo. Nimekujua kwa bangili. Huyu wa kushoto kwako nimemjua kwa kikohozi. Wengine siwajui, mnisamehe, sijawaamkia vizuri. Mimi sioni. Mwaka wa pili huu. Siku ya kwanza nilimpa mkwe wangu shayiri ya supu, iliyokobolewa. Aliijua, akaona aibu kunisahihisha. Siku ya nne tukapanda upya, mimi na yeye, mikono minne. Kwa hiyo haikudumaa. Ina siku nne tu, na kwa siku nne..." Akageuka, akanitafuta kwa sauti. "Bibi Shamba, kwa siku nne ni kimo gani?"

"Nzuri, Mama," nikasema. "Nzuri sana."

"Basi. Sasa chukua chungu kama unaona kipofu hafai. Lakini usiseme ni mkono wake. Amekaa hapo anatukanwa na hakufungua mdomo, kwa sababu nilimwapisha. Mimi ndiye niliyekuwa mwoga."

Nilitegemea Shangazi apige kelele. Alikaa sakafuni, puu, na bangili zote.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili unapika, unanimiminia chai, nami nalalamika unajaza kikombe mpaka kinamwagika. Nilisema umezeeka vibaya. Nilisema hivyo kwa watu!" Akaanza kulia, kwa sauti kabisa, na yule wa fundi viatu akanyanyuka kwenye mstari akampelekea ndizi yake iliyobaki nusu. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kupokea kitu kutoka kwa Durga, akaila huku analia.

Kisha akamshika Mama mkwe kifundo cha mkono. "Chungu hakiendi popote. Wewe ndiye utakayekwenda. Kwa daktari. Na usiniletee habari za mama yako. Mama yako alizaliwa kabla ya daktari."

Nilikuwa namchukia huyu mwanamke saa nne na nusu. Kufika saa tano nilikuwa nampikia chai.

Jumanne, tarehe 11

Mume wangu hakwenda kwenye mafriji yake leo. Amekaa na mama yake barazani tangu asubuhi. "Natengeneza vitu vya watu mji mzima," aliniambia baadaye, "nikisikia tu feni najua imeharibika wapi. Na mama yangu..." Nilimpa bakuli la viazi amenye. Akimenya kitu huwa anapata nafuu.

Jumatano, tarehe 12

Siku ya kumi. Mvua imepumzika.

Taa haikuzimika hata mara moja. Tumeng'oa shayiri, ile yetu fupi, Mama mkwe akagawa: kila mtu kishungi kidogo nyuma ya sikio. Shangazi aliomba viwili. Iliyobaki pamoja na udongo wake tumeipeleka mtoni tukaiachia maji, na watu wakapiga kelele za ushindi kwa sababu leo ndiyo siku jitu liliposhindwa. Mama mkwe alisimama ukingoni akanishika mkono wa juu, akauliza, "Imekwenda?" Nikamwambia bado, imenasa kwenye jiwe. Tukangoja. Kisha nikamwambia, sasa imekwenda.

Nilikuja nyumba hii nikidhani natakiwa kuvumilia. Sikujua nimepewa kitu. Nashukuru kwa huyu mama, kwa ukali wake na uongo wake wa magoti. Nashukuru kwamba sikufanikiwa kumdanganya.

Alhamisi, tarehe 20

Kliniki ya macho. Foleni ndefu, viti vya chuma. Daktari ni kijana mwenye haraka, amemwangalia kwa tochi ndogo, kauliza kwa nini amechelewa hivi. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yanasafishwa moja baada ya jingine, na anaweza kuona tena. Mama mkwe kamuuliza mara tatu kama ana uhakika. Mara ya tatu yule kijana ameacha haraka yake, amevuta kiti, akamjibu kwa upole kama anazungumza na mama yake mzazi. Mungu ambariki.

Mlangoni Mama mkwe akasimama. "Mama yangu angepona," akasema. Nilimkumbatia pale pale kwenye ngazi, watu wakatupita kwa ubavu.

Jumatano, tarehe 26

Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji leo. Nusu saa tu. Amelazwa usiku mmoja kwa ajili ya presha. Shangazi ameleta uji wa kutosha wodi nzima.

Alhamisi, tarehe 27

Nesi alikuja asubuhi kutoa bandeji. Tulikuwepo mume wangu na mimi, tumesimama mguuni mwa kitanda kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Akabandua taratibu, akafuta, akasema, "Fungua, Mama. Bila haraka."

Akafungua. Jicho lilikuwa jekundu na lina maji. Alitazama ukuta, akatazama dirisha. Akatazama saa kwenye kifua cha nesi, akasema, "Saa tatu kasoro dakika tano." Mume wangu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Akamtazama mwanawe. "Umenenepa," akamwambia, na mume wangu akacheka analia, akambusu mikono.

Kisha akanigeukia.

"Shikamoo, Mama," nikasema. Nilijikuta nimejifuta uso na kunyoosha kitambaa cha kichwa.

"Marahaba. Sogea kwenye mwanga."

Nikasogea. Jicho lake lilitembea taratibu, paji la uso, nyusi, kovu dogo la kidevuni, likarudi juu likaanza tena. Sikujua niweke wapi mikono.

"Kwa unavyokanyaga sakafu," akasema, "nilidhani una sura ya askari magereza."

"Na sasa?"

Aliinua mkono, hakunigusa, aliuacha hewani karibu na shavu langu, na jicho likazidi kujaa maji. Nesi akaingilia. Alisema jicho bado bichi, halitakiwi kulia, inatosha kwa leo, alifunike lipumzike. Akakaribia na bandeji mpya.

Mama mkwe akauzuia mkono wa nesi, bila kuondoa jicho usoni mwangu.

"Ngoja, mwanangu," akamwambia. "Huyu ni mkwe wangu. Sijawahi kumwona."